Kalamu ya Kijani na Magoti ya Bibi

Jumanne, 9 Julai 1974

Nimerudi kutoka Korogwe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Bibi alinituma mafuta ya taa na kitenge. Mafuta ya taa nimeleta. Kitenge sikuleta. Nimeleta kalamu.

Si bolpeni. Ni kalamu ya kunyonya wino, ya kijani, yenye kifuniko cheupe na ncha ya rangi ya dhahabu. Mwenye duka alikiri mwenyewe kwamba dhahabu haikuhusika. Kalamu za maana zilikuwa ndani ya kabati la kioo. Yangu ilikuwa kwenye kopo, pamoja na nyembe. Wino wa chupa umeadimika, kwa hiyo nimepewa wa unga, nikoroge mwenyewe.

Bibi aliigeuza geuza, akauliza inavaliwaje.

Hajui! Ijumaa ya wiki ijayo Afisa Elimu anakuja kutoka Handeni. Kata yetu imepewa nafasi moja ya mafunzo ya ualimu. Moja tu. Wasichana waliomaliza kidato cha nne hapa Kwaluguru ni wawili: mimi na Hosiana Gregori, ambaye baba yake alikata mkonge Korogwe miaka kumi na mitano kabla ya kuhamia kwetu. Kila mmoja ataandika barua ya maombi kwa mkono wake. Hosiana anaandika kwa bolpeni iliyotafunwa kichwani.

Tangu darasa la tatu nimetaka kuwa mwalimu. Sijui kutaka kitu kingine. Hosiana anaweza kutaka hata mambo matatu kwa siku moja.

Alhamisi, 11 Julai

Raha ya kalamu hii siwezi kuieleza kwa mtu yeyote, kwa hiyo naieleza hapa. Bolpeni inaparura karatasi kama kuku anayetafuta punje. Hii inateleza. Mstari ukishuka unanenepa, ukipanda unakonda. Nimeandika jina langu mara arobaini. Mwantumu Mhina, Mwantumu Mhina. Kila mara nimezidi kuwa mtu.

Karaha zake: Inavuja. Asubuhi haiandiki mpaka itikiswe, na ikitikiswa inatema. Vidole vyangu vitatu ni vya buluu, sikio moja pia, sijui kwa nini sikio. Ikilazwa inalia, ikisimamishwa inakauka.

Tena maji. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na wino ukaganda humo kama maziwa ya juzi. Mvua hakuna mpaka Mungu apende. Mwenye maji ya mvua ni mmoja tu, kwa sababu nyumba yao ina bati na chini ya bati kuna pipa. Kina Hosiana.

Nikaenda. Singeweza kumwambia mshindani wangu kwamba naomba maji ya kumshindia. Nikasema Bibi ana dawa ya magoti ambayo haikorogwi kwa maji ya chumvi. Hosiana akanijazia jagi zima, akaniuliza kama Bibi analala vizuri. Nikasema halali kabisa.

Bibi analala kama gogo.

Wino umekubali. Buluu safi.

Ijumaa, 12 Julai

Balaa. Hosiana amekuja kumjulia hali Bibi, na jagi la pili la maji. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote kupitia ukutani. Alimwamkia, akamwuliza kama dawa ya Mwantumu imeanza kumsaidia. Bibi, kwa heshima ya mgeni, akajibu kwamba bado hajainywa.

Mgeni alipoondoka, Bibi alinitazama kwa macho ambayo hajanitazama nayo tangu nilipofaulu mtihani. Akauliza kama ni kweli namtengenezea dawa. Ningesema nini? Nilisema ni kweli, iko karibu kuwa tayari. Akasema marehemu Babu ndiye aliyekuwa akimshughulikia magoti. Alikuwa akimwandikia kombe: anaandika dua kwenye karatasi, anaiosha kwa maji ndani ya sahani, Bibi anakunywa. Tangu Babu afariki hakuna aliyemfikiria.

Nikaona aibu, kwa muda.

Jumapili, 14 Julai

Jana nilipata wazo bora kuliko mawazo yote ya mwaka huu. Nilikwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kibwana, nikampa shikamoo ndefu. Nikamweleza kwamba bolpeni hufifia juani, na kwamba barua inayokwenda serikalini haina budi kuandikwa kwa wino wa kweli, la sivyo kijiji kitaonekana hakina msimamo. Akasikiliza kwa makini. Akasema nimesema jambo zito.

Leo mkutanoni akalitangaza. Barua zote mbili zitaandikwa kwa wino wa kweli. Nilimtazama Hosiana. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikahesabu sekunde za ushindi: zilikuwa kama tano.

Maana Mzee Kibwana aliuliza kalamu za wino wa kweli ni ngapi kijijini. Moja, watu wakasema, ya Mwantumu. Akaniomba nisimame. Akasema trekta ni letu sote, shamba ni letu sote, na mashine ya kusaga ikija itakuwa yetu sote.

"Basi mwanangu, na kalamu nayo iingie kijijini."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mtu aliyesimamishwa mbele ya mkutano atafanya nini?

Ratiba imepangwa. Jumatatu na Jumanne ni zamu yangu. Jumatano na Alhamisi ni zamu ya Hosiana. Ijumaa Afisa anakuja.

Jumanne, 16 Julai

Nimemaliza. Kurasa nne! Nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko ili jasho lisiharibu wino. Nilitandika mkeka wa Bibi. Sikusema neno tangu asubuhi, nilitembeza midomo tu, nikipima sentensi. Bibi alipita kwa kunyata, kama mtu anayepita nyuma ya msikiti. Mara moja aliinama akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe. Nikamjibu, bila kuinua kichwa, kwamba ndiyo yenyewe Bibi, hii itatuondolea dhiki zote.

Ukurasa wa kwanza unaeleza maana ya elimu tangu zamani. Wa pili, ukame wa Handeni na subira ya watu wake. Wa tatu, wajibu wa mwanamke katika ujenzi wa taifa. Wa nne, ombi lenyewe. Hakuna doa hata moja. Doa dogo kwenye neno "mtiifu" nimeligeuza koma.

Jioni nilipaswa kumpelekea Hosiana kalamu na wino uliobaki. Kalamu sina la kufanya. Lakini wino? Nilifikiri nimwambie umekwisha. Ila mimi sipendi kusema uongo mtupu. Kwa hiyo niliumwaga wote kwenye shina la mpapai, ndipo nikaenda kumwambia umekwisha, nao ulikuwa umekwisha kweli. Ndani ya kalamu kumebaki wa nusu ukurasa, ukibahatika.

Hosiana aliipokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Anashukuru sana, huyu mtu.

Alhamisi, 18 Julai

Naandika kwa penseli.

Tulikuwa shamba la ujamaa tangu alfajiri, kupalilia mihogo. Nimerudi saa tisa. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na karatasi nne zimeanikwa. Nyeupe. Nikizitazama kwa ubavu naona kivuli cha buluu, kama anga lililochoka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda na sahani yake ile nyeupe mapajani. Midomo ya buluu. Akaniambia nisimkasirikie kwamba hakuningoja. Aliona dawa imeandikwa imekamilika, imekaa siku mbili chini ya mto wangu, akajua naona haya kumpa.

"Nimekunywa yote, mjukuu wangu, hata ile iliyotuama chini. Yako ni chungu kuliko ya babu yako. Lakini wewe umesoma."

Kisha akainuka bila kushika ukuta. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda tena, ili nimwone.

Kurasa nne. Maana ya elimu, ukame, wajibu wa mwanamke na ombi lenyewe, vyote viko tumboni mwa Bibi. Bolpeni isingenyweka! Ndiyo sifa pekee ya bolpeni ambayo sikuwahi kuipa heshima yake.

Nilitaka kulia, lakini alikuwa bado anatembea. Nikamwambia nimefurahi. Baadaye nikashangaa kuona kwamba sehemu yake ni kweli.

Kalamu iko kwa Hosiana. Wino uko kwenye mpapai. Kesho ni kesho.

Ijumaa, 19 Julai

Alfajiri nilikimbia kwa Hosiana. Alikuwa amemaliza. Barua yake ilikuwa mezani: nusu ukurasa. Alieleza kwamba wino ulikatika, akalazimika kusema jambo kuu tu na kutia sahihi. Akauliza kama Afisa ataona ni utovu wa adabu. Nikamwambia inawezekana.

Nilimwambia barua yangu imeharibika. Sikumwambia imeharibikia wapi. Hakuuliza. Akaingia ndani, akatoka na bolpeni yake iliyotafunwa na karatasi sita.

Nikakaa nyuma ya ofisi ya kijiji, ubao magotini. Mzee Kibwana alipoona bolpeni alikohoa, akakumbusha maneno yangu mwenyewe juu ya jua na msimamo wa kijiji. Bwana Dunstan, Afisa Elimu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye Landrova, akasema wizara haina habari na aina ya kalamu, mradi isomeke. Akaongeza kwamba ana saa moja tu.

Saa moja inatosha kwa mtu aliyekwisha kuitunga barua. Niliikumbuka yote, neno kwa neno. Ningeweza kuifupisha. Wazo hilo lilikuja, nami nililiona, nikalifukuza: haiwezekani kuruka maana ya elimu tangu zamani. Nilikuwa katikati ya ukurasa wa pili, kwenye subira ya watu wa Handeni, wakati Landrova ilipowashwa. Barua ikachukuliwa mkononi mwangu.

Bwana Dunstan alizisoma zote mbili akiwa amesimama, karatasi juu ya boneti. Akamsifu Hosiana mbele ya watu: hapa pana mtu anayejua anachotaka na hapotezi muda wa serikali. Pia mwandiko, alisema, mwandiko mzuri sana, siku hizi vijana hawajui tena wino.

Kwangu alikuwa mpole. Alisema ukame nimeuelezea vizuri, karibu asikie kiu. "Ila dada, nimetafuta mpaka mwisho. Unaomba nini?"

Nikafungua mdomo. Injini ilikuwa inanguruma. Nikamwambia naomba asafiri salama.

Jumapili, 21 Julai

Jana sikuandika. Nililala nikitazama paa.

Leo Hosiana amekuja kurudisha kalamu. Ameiosha, ameifunga kwenye kitambaa. Ataondoka mwezi ujao kwenda mafunzoni. Aliketi mkekani, akasema amemwomba Mzee Kibwana nichukue darasa lake la watu wazima, wale wazee kumi na mmoja anaowafundisha kusoma jioni. Amesema pia kwamba mwezi wa kwanza nafasi nyingine itakuja. Amemwuliza Bwana Dunstan waziwazi. Hakusita kuuliza. Anauliza tu, na watu wanamjibu.

Akiwa mlangoni aligeuka.

"Mwantumu, yale maji. Ungesema tu ni ya wino, ningekupa."

Alijua! Alijua tangu siku ile ya kwanza, kwa sababu ya sikio langu. Na jagi la pili akaleta akijua.

Nilimsindikiza mpaka njia panda. Nilimwambia atakuwa mwalimu mzuri, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesema kweli, maana ndivyo ilivyokuwa. Halafu nikarudi polepole ili macho yakauke.

Bibi ametembea mwenyewe mpaka kisimani leo, akamwambia kila aliyemkuta kwamba mjukuu wake ameandika kitu kinachotembeza watu. Wanawake wawili wameshaulizia.

Nimekaa mkekani jioni nzima kuyapima mambo haya kwa haki, bila kujipendelea. Nimeyapitia maneno ya Hosiana moja moja. Nimeipitia hata ile nusu ukurasa. Na sasa naona wazi nilipokosea.

Kosa lilikuwa rangi.

Buluu ni rangi ya mwanafunzi. Yeyote anayeandika kwa buluu anaonekana anangoja kusahihishwa. Wenye wino mwekundu ni walimu peke yao! Mwezi wa kwanza maombi yangu yatafika yote kwa wino mwekundu, na Bwana Dunstan akifungua bahasha ataona mwalimu tayari, hana haja hata ya kuuliza naomba nini. Kurasa ziwe sita, kwa sababu sasa nina la kusema pia juu ya elimu ya watu wazima.

Jumanne lori la kijiji linakwenda Korogwe. Nimemwambia Bibi nakwenda kumnunulia kitenge.