Stroberi Kwenye Mashati ya Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu ametoa amri: mjukuu simshiki mpaka niache sigara. Eti nanuka kama jalala linaloungua. Mimi! Baba yake mzazi! Nimemtazama mtoto kwa mbali kama mwenye surua. Imeniuma, sifichi. Mchana nimenunua sigara ya kuchaji, ladha ya stroberi. Haina moshi, mvuke tu. Na mimi ni dobi. Nani atashangaa mvuke kwa dobi?

Jumatano, 5 Machi
Mimi nina akili! Nabonyeza pasi ya mvuke, navuta papo hapo, wingu linakuwa moja. Wateja wanasifu ninavyochapa kazi. Zamani nilikuwa natoka nje kuvuta. Sasa mkono huu pasi, mkono huu kidude, sipumziki. Chaji ikiisha mikono inatetemeka, ila huo ni uchovu tu. Mashati ya mkwe nimeyanyoosha bure, kama kawaida.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mkwe kaja dukani, shikamoo ya kinyonge, macho mekundu. Kahamishiwa sebuleni. Binti yangu kanusa mashati yake, kakuta manukato ya mwanamke. Stroberi! Mkwe anaapa hajui yametoka wapi. Nimemhurumia sana. Nimemshauri aombe radhi tu, yaishe.

Jumamosi, 8 Machi
Kaomba radhi. Binti kaona mume amekiri! Anafungasha, anaondoka na mtoto. Nitamwona wapi tena mjukuu wangu? Nimefunga duka, nimekimbia hadi kwao, nimesimama mlangoni na kuvuta kidude mbele yao wote wawili. Harufu ya stroberi ikatapakaa kibarazani. Binti kaganda, kisha kacheka mpaka kakaa juu ya sanduku. Mkwe hakucheka. Kasema, kwa heshima zote baba, kuanzia leo atanyoosha mwenyewe.

Nikaambiwa ninawe mikono, nikapewa mtoto. Kanishika kidole! Machozi yamenitoka kweli. Mara binti kasoma maandishi ya kidude, kamchukua. Kasema kidude nacho kina nikotini ile ile ya sigara, nisimguse tena mpaka nikiache.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekubali kwa moyo mweupe. Kidude nimekitupa. Basi mikono ikaanza kutetemeka, nusura niunguze suruali ya mteja. Kuacha ghafla si mchezo kwa mtu wa umri wangu, lazima niwe na kitu cha kunisaidia nizoee taratibu.

Nimenunua pakiti moja ya sigara.