Leseni ya Mkwe Wangu na Mparachichi Uliogongwa na Droni

Kalama, Machakos
Jumatatu asubuhi

Kwa Afisa wa Leseni za Droni,
Nairobi.

Mheshimiwa Afisa,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea uketi, maana nimekasirika na barua ni ndefu. Mimi ni Kasyoka Muli, mkulima, katibu wa akina mama wa kanisa letu, na zaidi ya yote mama mkwe wa Onesmus Mwanzia, yule rubani wa droni za mizigo mliyemsimamishia leseni wiki jana. Ijumaa hii mmemwita ajitetee. Mwenyewe amenyamaza kimya, na najua ni kwa nini: utetezi wake ni mimi, na kunitaja mbele ya watu anaona haya. Kwa hivyo naandika mimi.

Kisa ni kifupi. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, droni ya kampuni yao ilitoka Machakos mjini ikiwa imebeba miwani ya mwalimu mkuu wetu. Ilipofika juu ya shamba langu, nilikuwa nimeketi nje naosha miguu, sketi imepanda hadi magotini, kichwa wazi. Droni ikayumba, ikagonga mparachichi wangu, ikaning'inia huko. Mkaguzi wenu akaandika kwamba rubani aliondoa macho kwenye skrini, na kwamba huo ni uzembe.

Uzembe! Mheshimiwa, hiyo ilikuwa adabu. Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo. Tunaita nthoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Mimi nilipoisikia mashine niliingia kwenye mahindi, miguu na sabuni yake. Naye huko mjini, bila shaka, alifunika uso kwa kofia. Kila mtu alifanya sehemu yake. Uliokosa adabu ni mparachichi peke yake, ulibaki umesimama.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kanuni yenu inamtaka rubani asiondoe macho kwenye skrini hata kidogo. Haisemi afanye nini mama mkwe wake akitokea ndani ya skrini hiyo. Je, walioitunga hawakuoa kwa watu?

2. Kwenye ramani zenu mmeweka alama: hapa uwanja wa ndege, hapa kambi ya jeshi, droni zisipite. Naomba nami nichorewe duara langu la mita mia tano. Jirani yangu Kasiva anataka mita mia sita kwa kuwa ana wakwe watatu. Tulipima kwa kamba tukaona duara lake limeingia ndani ya langu, na sasa hatuongei. Hilo pia nawahesabia ninyi.

3. Wakwe wa Kalama wametapakaa hadi Mumbuni na Kithyoko. Kwa hivyo kila rubani afanye mtihani wa ukoo kabla ya kupewa leseni: alioa wapi, mama mkwe wake huenda sokoni siku gani, na hupitia njia ipi. Ikiwa Machakos nzima itabaki bila njia hata moja ya droni, basi mizigo izungukie Kajiado. Wamaasai nao wana wakwe zao, lakini hao wataandika barua yao.

4. Kama hayo ni magumu, sheria itamke kwamba kamera si jicho. Ila ikitamka hivyo, basi Onesmus hakuniona, na kama hakuniona hakuwa na sababu ya kufunika uso, na atakuwa mzembe kweli. Namba nne naifuta. Msiisome.

5. Mkaguzi wenu aliupanda mparachichi wangu bila kuomba, akala maparachichi mawili akiwa huko huko juu. Kokwa niliziona.

Ombi langu ni moja: leseni irudishwe kabla ya Ijumaa, la sivyo kampuni itamfuta kazi. Nampenda huyu kijana, nasema wazi. Miaka sita ameishi na binti yangu na sijawahi kumwona sawasawa usoni, lakini ndiye aliyenijengea tangi la maji, siku tatu mfululizo akiwa amenipa mgongo. Mkimtupa mtu kama huyo nitakuja hapo mwenyewe. Nina mabinti wengine wawili hawajaolewa, na nasikia ofisi yenu ina vijana wengi.

Nisalimieni wote hapo, mlinzi wa getini, na hasa mama anayewapikia chai. Huyo atanielewa.

Ni mimi, kwa heshima na hasira kidogo,
Kasyoka Muli (Mama Wavinya)

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha Wavinya binti yangu aliponipigia simu akilia. Saa nne ile Onesmus alikuwa ametoka kunywa chai, akamwachia mkewe mitambo dakika tano. Wavinya hana leseni. Wala hana nthoni nami, ni mimi niliyemzaa. Aliniona naosha miguu akafurahi, akaitikisa droni huku na huku ili anisalimie, na ndipo ikagonga mti. Onesmus amenyamaza asimtaje mkewe, maana kumwachia mitambo asiye na leseni, najua, ni kosa kubwa kuliko uzembe. Karatasi zimeniishia, siwezi kuandika upya, kwa hivyo someni barua yote ila msifike hapa. Mkifika, nijibuni hili tu: binti akitaka kumsalimia mamake kutoka angani, fomu ya leseni yake inachukuliwa dirisha gani? Kwa sababu mimi, Mheshimiwa, nilikuwa nimejificha kwenye mahindi, na salamu yenyewe sikuiona.