Jinsi Kambere wa Vulamba Alivyoifufua Baiskeli ya Babaye

Enyi mlio karibu na moto, nanyi mlio mlangoni mkijidai mnapita tu, sogeeni. Acheni maharagwe yachemke yenyewe. Nawasimulia vita kuu iliyopiganwa Butembo miaka ile wakubwa wenye bunduki walipokuwa wakigawana nchi yetu kama nyama ya harusi. Vita yao siisimulii, maana haikumfikisha mtu misani.

Kambere mwana wa Lusenge, Simba wa Vulamba, Mshika Spana, alirithi baiskeli nyeusi ambayo babaye alimleta nayo bibi arusi wake Godelive, mamaye Kambere, kutoka Kipese, ameketi nyuma kwa enzi, kuku mapajani. Vita ilipoingia mjini, Lusenge alifanya kama wenye baiskeli wote: akaifungua vipande vipande na kuvitawanya, askari wasikute cha kuchukua. Fremu na gurudumu moja vikapanda darini, juu ya moshi wa jikoni. Gurudumu la pili likaenda kwa jirani Berthe kuanikiwa vitunguu. Mnyororo ukafunga mbuzi. Kisha Lusenge akafa kabla ya kuiunganisha, na tulimlilia sana.

Ikakaribia misa ya kumkumbuka, nayo miguu ya Godelive ilikuwa imevimba, hata kisimani hafiki.

"Kambere mutoto yangu," mama akanena, "nilikuya kwa baba yako juu ya ile kinga, ile baiskeli yake. Kwa misa yake mimi hapana kwenda na kitu ingine. Kama haiko, donc mutanibeba tu siku ya kunizika."

Moyo wa shujaa ukachomwa. Akasimama katikati ya ua, akainyoshea mbingu mkono: "Kavugho! Leta majivu! Leta mafuta ya ngazi, yale mawese ya jikoni! Leo kutu itajua mimi ni mutoto ya nani!"

"Itajua," akajibu Kavugho, mkewe, "mais toa kwanza shati ya misa."

Basi akauzingira ua wa Berthe, mwanamke mwenye ulimi uliokwisha kuwatimua wakusanya kodi wa serikali tatu. "Na bitunguu yangu itakauka wapi, juu ya kichwa yako?" Berthe akanguruma. Mapatano yakafanyika, kamba ya kuanikia kwa gurudumu, na bakuli la sombe, kisamvu kilichotwangwa, kwa fidia ya uchungu. Mbuzi naye, alipovuliwa mnyororo, alimpiga shujaa pembe pajani, akala ukingo wa shati la misa.

Ndipo kutu ikakabiliwa, adui mzee asiyejua kusalimu amri. Kambere akaisugua kwa mchanga na majivu, akaulainisha mnyororo kwa mafuta ya ngazi, akaziba mipira iliyotoboka kama kichungio, hata jioni ya Jumamosi baiskeli ikasimama uani nzima, iking'aa, kuku wakijitazama kwenye rimu. Shujaa akalia machozi ya furaha.

Kavugho akatoka jikoni, akaona, beseni likamponyoka. "Kambere, umefanya nini? Inangaa! Na barière ya basoda iko mbele ya église! Hawa watakamata hata kengele yake!"

Askari kizuizini, mbele ya kanisa! Hilo shujaa hakuliwaza.

"Leta mavi ya mbuzi," mama akasema kutoka mkekani.

Wasikilizaji, majemadari wengi wameshindwa na adui. Nani kati yao ameamriwa na mamaye kuupaka mavi ushindi wake mwenyewe? Kambere aliupaka, tope na mavi, rimu hadi usukani, akilia tena, machozi ya namna nyingine. Kengele pekee ilinusurika. Godelive aliing'oa, akaifunga ndani ya kitenge chake.

Asubuhi ya Jumapili askari wa kizuizini akainua mkono. Akaizunguka baiskeli. Akaziba pua.

"Papa, oyo nini? Unabeba mama juu ya mavi?"

"Ndiyo, chef," akajibu Simba wa Vulamba, jasho likimtiririka.

"Kwenda! Haraka! Munanuka!"

Wakapita. Walipofika mlango wa kanisa, Godelive akaitoa kengele kitengeni, akaipiga kwa kidole gumba, kriing, kriing, kama Lusenge alivyoipiga akimwingiza mjini. Padri akakatiza sala.

Basi andikeni, enyi mnaoandika nani aliteka mji gani: Jumapili hiyo Godelive aliingia misa ya mumewe juu ya baiskeli ya mumewe, na watu wote wakampisha, kwa heshima, na kidogo kwa harufu.