Chembe Zangu za Damu Zimeniumbua Mbele ya Mama Awuor

Leo nimejianika mwenyewe, tena kwa sauti ya kutosha.

Mnajua nafanya kazi maabara hapa Kisumu. Tunachunguza lupus, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenye mwili. Tunachukua damu ya mgonjwa na ya mtu asiyeumwa, tunatenga chembe nyeupe, tunazirekodi video chini ya darubini. Chembe zikichokozwa hupasuka na kutupa nyuzi kama nyavu. Kwenye lupus hutupa hata bila sababu.

Asubuhi, yule asiyeumwa hakutokea. Na chembe hizi hazingoji kesho, zinakufa. Nikakunja mkono wa shati. "Toeni yangu. Mimi niko fiti kabisa." (Jino la nyuma lilikuwa linanipiga tangu Jumapili. Lakini jino nalo ni ugonjwa?)

Mwenzangu Achieng' akatoa damu yangu na ya Mama Awuor, mgonjwa wetu. Chupa moja akaiandika A, nyingine B. Hakutuambia ipi ni ya nani, ili tusipendelee.

Mama Awuor anauza omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Luanda Kotieno. Kabla ugonjwa haujajulikana, watu walimwita mvivu. Wengine walisema amerogwa. Leo aliomba aone chembe zake kwa macho yake. Mkubwa wetu, Dakta Nekesa, akakubali, akanipa mimi kazi ya kumweleza.

Mchana tukawasha skrini. Chembe za A zilikuwa zinatambaa taratibu. Za B zilikuwa vurugu tupu, nyuzi kila mahali.

Nikavaa uso wa huruma. "Mama, A ni ya mtu mwenye afya. Hii B inayotupa nyavu ovyo ndiyo yako. Usiogope, tuko pamoja." (Hata bega nikamshika.)

Akakaza kitambaa cha kichwa. "Kwa hivyo dawa haijasaidia?"

"Itachukua muda, Mama."

Achieng' akakohoa. Sikuelewa. Nikaendelea kueleza kwamba mwenye damu kama hii lazima anaumwa, hata akijikaza namna gani.

"Odhis," Achieng' akasema, "B ni yako."

Dakta Nekesa akavua miwani.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, Daktari."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Mbele ya wote. Akanimulika na tochi ya simu, akaona ufizi umevimba na una usaha. "Jino hili ndilo lililochokoza chembe zako. Kazi ya leo imeharibika," akasema. "Tutarudia na damu ya mtu mwingine. Wewe nenda kwa daktari wa meno."

Mama Awuor hata hakusikia. Alikuwa amesogea mpaka kwenye skrini, kidole kikiwa juu ya A.

"Hizi zilizotulia ni zangu?"

"Ni zako," Dakta Nekesa akamwambia. "Dawa usiache. Lakini leo zimetulia."

Akasimama pale muda mrefu, akijifuta macho kwa kanga. Kisha akanigeukia.

"Na wewe baba, umetupa nyavu mpaka samaki wamehamia Uganda."

Dakta Nekesa ndiye aliyeanza kucheka. Achieng' akalazimika kukaa chini.

Naandika haya kwa daktari wa meno, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Atakayecheka acheke kistaarabu. Kujibu siwezi, natoa udenda tu.