Njia Mpya ya Bondeni

Jumatatu, 4 Machi

Mkutano wa klabu ya matembezi, jioni, katika darasa la pili la shule ya msingi. Viti vya watoto. Magoti yalinigusa kidevu muda wote, na mtu aliyekaa hivyo hasikilizwi. Hata hivyo nilisema. Nikasema njia yetu ya kila Jumamosi, sokoni hadi tangi la maji na kurudi, imetuchosha. Miaka mitatu tunaangalia tangi lile lile. Nesi akajibu kwamba tangi halijamlalamikia mtu. Wakacheka, mke wangu akiwa wa kwanza.

Nesi ni muuguzi mstaafu. Anatuongoza tangu klabu ianze, na ndiye mwenye filimbi na kizibao cha njano. Mimi ni karani wa masijala ya ardhi. Nashinda na ramani kutwa. Sasa kati yetu, nani anafaa kutangulia?

Niliomba Jumamosi moja tu. Nesi akakubali, haraka kuliko nilivyopenda. Akatoa masharti mawili: njia ipitiwe kwanza, na watu wahesabiwe kila tunapopumzika. Nikamwambia hayo hata mtoto anayajua.

Jumatano, 6 Machi

Njia nimeipata. Inashuka bondeni, inapita nyuma ya kiwanda cha matofali na kutokea sokoni kwa upande wa pili. Kwenye ramani ni mstari wa vitone, mzuri kama ushanga. Mwaka wa ramani haujulikani, kona ile imeliwa na panya. Lakini bonde ni bonde, haliendi mahali.

Mke wangu aliuliza kama nimeipitia. Nikasema mara mbili. Sikusema kwamba ni kwa kidole.

Baba mkwe naye anakuja. Anaishi nasi tangu mwaka jana, baada ya miaka arobaini ya kuendesha malori. Mguu wake wa kushoto ni mzito na maneno yake ni machache. Hajawahi kuniambia anionaje. Jumamosi atajua mkwe wake ni mtu wa namna gani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kukagua njia. Kwa pikipiki, maana kiongozi anayechoka Ijumaa ataongozaje Jumamosi? Barabara iliishia kwenye mtaro, juu ya bonde. Nikaangalia kutoka pale. Chini kote kijani kibichi, raha tupu. Dereva akasema, "Mzee, kijani cha namna hiyo ni maji." Nikamwambia nimemlipa aendeshe.

Jioni nilipita kwa Nesi kuchukua filimbi na kizibao. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniangalia kama anayemruhusu mgonjwa kurudi nyumbani kabla hajapona. Wivu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni.

Tulitoka sokoni watu kumi na wanne, mimi nikiwemo. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Fundi cherehani alinisifu mwenyewe. Kisha tukaingia kwenye kijani. Fundi cherehani akazama hadi goti, akautoa mguu, kiatu kikabaki. Tulikitafuta kwa fimbo. Sifa zake hakuzirudia.

Mbele kidogo, mahali penye vitone, palikuwa na ukuta. Ukuta mrefu, wa matofali, wa kiwanda. Mwalimu wa hesabu akauliza kama ukuta umo kwenye ramani. Nikamjibu ramani huonyesha ardhi, si vitu vilivyowekwa juu yake. Nikapuliza filimbi kuwatia moyo, tukauzunguka. Dakika arobaini na tano, kwenye tope. Nyuma niliwasikia wakiita-ita. Nikapuliza tena na tena.

Tulipomaliza ukuta tukapumzika. Nikahesabu, kama nilivyoahidi: kumi na watatu, bila mimi. Sawasawa.

Tukafika sokoni. Mke wangu akaangalia huku na huku, akaniuliza, "Baba yuko wapi?"

Nikamtoa wasiwasi. Nikahesabu tena mbele yake, kwa sauti, nikimgusa kila mtu bega. Kumi na watatu. Ndipo mwalimu akauliza huyu mwenye ndoo ni nani.

Mwenye ndoo akajieleza kwa adabu. Ni fundi wa plasta, alikuwa anatoka kazini. Kwenye ukuta aliona watu wanatembea polepole, wamechafuka, hakuna anayeongea. Akadhani ni msiba, akaona si ungwana kupita bila kusindikiza. Akauliza marehemu alikuwa nani.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Umemwacha baba yangu bondeni." Afadhali angepiga kelele.

Tulirudi mbio, Nesi mbele, nami nyuma yake bila kujali nani anaongoza. Niliita "Baba" mpaka sauti ikakauka. Nilifikiria mguu wake wa kushoto na lile tope lililomeza kiatu. Nilifikiria kwamba kila asubuhi huninyooshea shati langu pamoja na lake, bila kuombwa, na kwamba sijawahi kumshukuru. Mwaka mzima.

Tulimkuta kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanda. Suruali imekunjwa, miguu kwenye ndoo ya maji ya moto, chai mkononi, anamfunga mlinzi drafti. Mlinzi alimwona amekaa kwenye jiwe, peke yake, akampa bega mpaka kibandani.

Nikapiga magoti mbele yake nikaomba radhi. Baba mkwe akasogeza kete kwanza. Kisha akasema, "Nilikuita mara tatu. Kila nikikuita, unapuliza filimbi."

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu haongei nami. Anaongea na baba yake, mimi nikiwa katikati: "Baba, mwambie huyo chumvi imekwisha." Nikanunua chumvi.

Baba mkwe hana kinyongo. Anasema hajapata mpinzani wa drafti kama yule mlinzi tangu alipoacha malori, na atamtembelea tena. Asubuhi alininyooshea shati kama kawaida. Nikamshukuru. Akashangaa, akauliza kama naumwa.

Ukitazama kwa haki, mzee alikuwa mpweke, na leo ana rafiki. Nani aliyemfikisha pale? Nilimdokezea mke wangu jambo hili. Haikuwa saa yake.

Jumatatu, 11 Machi

Mkutano. Viti vile vile. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa nne, na ukurasa wa kwanza ulihusu makosa ya waliochora ramani. Nesi akanizuia kwa upole. Akaomba filimbi, akaomba kizibao. Nikavua mbele ya watu.

Halafu akapendekeza nipewe kazi. Nitakuwa mtu wa mwisho katika kila msafara, nitembee nyuma ya anayekwenda polepole kuliko wote. Mikono yote ikanyooshwa, ya mke wangu mapema kuliko zote. Nesi akaniambia, "Wa mbele anaijua njia. Wa nyuma anawajua watu. Sasa wajue watu."

Maneno hayo yaliniingia. Tulirudi nyumbani mimi na baba mkwe kwa mwendo wake, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba ni wa polepole.

Jumanne, 12 Machi

Sikufanya kazi nyingi leo, nilikuwa nafikiri. Nesi ni mjanja, lakini kuna jambo limempita. Msafara ukifika mwisho wa njia na kugeuka, aliye nyuma ndiye anayekuwa mbele.

Kinachotakiwa ni kugeuka mapema. Kwa mfano, baada ya hatua mia. Nimeanza kuandika pendekezo, lina kurasa sita.