Jaji Aliyezibua Mtaro wa Sabuni

Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Kiti pekee alichowahi kukikalia kwa muda mrefu kilikuwa cha kinyozi, na hapo ndipo, Jumatatu asubuhi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, alipoiona bahati yake gazetini.

Ile Tuzo ya Taasisi Safi Zinazojali Watu ilikuwa imebadilishwa. Miaka yote kampuni zilijaza fomu zenyewe, zikajisifu zenyewe, zikashinda zenyewe. Mwaka huu majaji watafika kiwandani kuona kwa macho yao kama taka hazimwagwi ovyo na majirani hawanung'uniki. Na majaji wote ni wapya, hakuna anayewajua kwa sura.

"Hata mimi hakuna anayenijua," aliwaza Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza jambo hilo halikumuuma.

Kilichokosekana kilikuwa suti. Mke wake alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyejifungua, na angerudi Ijumaa kumalizia kushona sare za shule. Mwenyekiti akaitazama cherehani. Cherehani nayo, naapa, ilimtazama.

Muuza mitumba wa stendi alisikia habari ya kiwanda cha sabuni, akaipokea rehani, akampa suti ya kijivu.

"Ijumaa uniletee suti yangu na katoni mbili za sabuni, uchukue cherehani," alisema. "Usipoleta, naiuza."

"Ndugu yangu, unaongea na jaji."

"Naongea na mtu aliyenyolewa upande mmoja."

Jumanne, baada ya kunyolewa upande wa pili, jaji wetu aliingia kiwanda cha sabuni cha Mama Povu, mjane mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikaribishwa chai. Alikunywa vikombe vinne ndipo akakumbuka kueleza kilichomleta.

"Nimetumwa na Tuzo," alisema, akipapasa tai. "Nikiridhika, umeshinda. Huwa naridhika haraka nikipata katoni mbili za sabuni. Ni sampuli za maabara."

"Katoni mbili tu? Nitakupa nne, baba," alisema Mama Povu kwa unyenyekevu. "Ila nieleweshe mimi mjinga. Jaji anapimaje? Anatazama tu?"

Hapa angejibu "anatazama tu" na hadithi ingeishia hapo. Lakini Mwenyekiti alikuwa na ugonjwa mmoja: akisifiwa, ulimi wake hutangulia safari bila yeye.

"Kutazama ni kwa zamani, mama. Sisi wapya tunashika. Jaji asiyeijua kazi kwa mikono yake atatoaje alama?"

"Maneno mazito hayo," alisema Mama Povu, akasimama. "Basi tuanze na mtaro."

Mtaro ulikuwa umeziba tangu mvua za mwaka juzi. Jaji alivuliwa koti, akavalishwa ovaroli, akapewa koleo. Alipouliza kama kuna mtu wa kumsaidia kupima, wafanyakazi walimwambia wanaogopa kuingilia uamuzi wake. Jumatano alianza kuchimba shimo la taka. Jumatano hiyohiyo jioni alipaka chokaa ukuta unaotazamana na majirani, na majirani wakatoa viti nje kumwangalia, wakimwonyesha sehemu alizosahau kupaka. Kila alipotaka kutupa brashi aliiona cherehani akilini, na mwenye cherehani akiwa amesimama nyuma yake.

Alhamisi saa nne, akiwa shimoni hadi kifuani, waliingia watu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye madaftari. Mama Povu aliwakaribisha chai. Walikataa. Aliwapa maji. Walikataa.

"Huyu wa shimoni ni mfanyakazi wako?" aliuliza yule mwanamke.

"Hapana, ni mtu wa mtaani," alisema Mama Povu. "Amekuja mwenyewe kujitolea. Tena halipwi kitu. Si ndivyo, baba?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Akikana, ataulizwa yeye ni nani. Akaufunga. Akatikisa kichwa kukubali, na udongo ukamwingia sikioni.

"Kipengele kipya hicho," mwanamume alimwambia mwenzake, akiandika. "Jamii kujitolea. Tumezunguka viwanda kumi na moja, hatujaona hata mmoja."

Walipoondoka, Mama Povu aliinama ukingoni mwa shimo.

"Barua ya Tuzo ililetwa wiki iliyopita, baba. Inasema majaji watakuja wawili wawili, na hawaruhusiwi kunywa hata maji kwa mwenyeji. Wewe chai yangu uliimaliza birika zima."

"Na katoni zangu nne?"

"Wanaojitolea hawalipwi. Nimewaambia majaji, siwezi kuwadanganya." Akampa mche mmoja wa sabuni ya kuogea, na cheti chenye muhuri wa kiwanda.

Ijumaa Mwenyekiti alikaa nyumbani ndani ya suti, akitunga uongo. Alikuwa amefika kwenye wezi wawili wenye bunduki mke wake alipoingia, mtoto wa jirani akimsaidia kubeba mzigo. Mzigo ulikuwa cherehani.

"Nimeshuka stendi nikaiona imekaa juu ya meza ya mitumba," alisema mke, "na kitambaa changu chekundu kwenye gurudumu. Nimeongea na yule kaka. Sabuni ameisamehe. Anataka suti yake tu."

"Mke wangu, kuna jambo kubwa nilikuwa nalishughulikia."

Alimpa cheti. Mke alikisoma chote, taratibu, mpaka kwenye muhuri: kuzibua mtaro, kuchimba shimo, kupaka chokaa, kwa moyo na bila malipo.

"Kumbe unaweza," alisema. "Na choo chetu kimeziba tangu lini?"

Mwenyekiti alikaza tai.

"Utaanza nacho. Lakini kwanza vua, huyu mtoto airudishe kabla stendi haijafungwa."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Yule kaka ameniambia wewe ni jaji. Jaji haogopi watu. Vua."

Akavua. Akabaki amesimama katikati ya sebule yake, akijisitiri kwa cheti, na hapo ndipo alipogundua kuwa Mama Povu, kwa ubahili wake, alikuwa amekichapa kwenye nusu karatasi.