Maji ya Bluu ya Fundi Fanueli

Kabla ya alfajiri, feni ya kompyuta ya Wilbard ililia upande wa pili wa ukuta kama kifaranga aliyekanyagwa, ikakoroma, ikanyamaza. Sauti ya mwanamume ikafuata: "Imezima tena, shenzi hii!"

Upande huu wa ukuta, katika chumba cha gesti, Fundi Fanueli alifumbua jicho moja. Lilitosha. Watu wengine wakisikia jirani analia, huuliza kuna nini. Fanueli huuliza ana nini.

Tumpe haki yake, hakuwa kijana mbaya wa kutazama. Viatu vyake vilimeta hata katika vumbi la Tunduma, na hakuwahi kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Alizaliwa Itaka, kwa wakulima wa kahawa wenye staha. Ufundi kidogo aliupata Mbeya. Maneno alizaliwa nayo. Na ndani ya begi lake jeusi alibeba mtambo mmoja halisi wa kupoza kompyuta kwa maji. Mtambo huo alikuwa ameshauuza Mbeya, akauuza Mlowo, akauuza Vwawa, na bado ulikuwa wake.

Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa Wilbard. Chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho kilichokuwa duka: Wilbard alichoma CD za filamu na kujaza nyimbo kwenye memori za simu, na wateja walivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kuzifuata. Mama yake, Bibi Edina, alikuwa kizingitini akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umelala salama na baridi hii?"

"Salama, mama. Nimesikia mashine inaumwa, nikaona si vizuri kupita kimya."

Bibi Edina akampisha. Alipenda mtu anayesimama kumjulia hali mgonjwa, hata mgonjwa akiwa wa bati.

Fanueli alifungua ubavu wa kompyuta. Feni ilikuwa imejaa vumbi la malori, limegandamana kama sufi. Brashi ya rangi na subira kidogo vingetosha kuiponya. Fanueli aliliona hilo vizuri sana, akalifunika kwa kiganja.

"Kaka, mashine yako ina homa."

"Homa gani? Hapa Tunduma tunavaa makoti mpaka saa nne!"

"Ndiyo hatari yenyewe. Nje baridi, ndani moto. Mtu akikaa hivyo anapata nimonia."

Wilbard akainamia boksi. "Dawa yake?"

"Maji."

"Maji kwenye umeme? Unataka kuniua, fundi?"

"Malori yale yote kwenye foleni ya mpakani, injini zake zinapozwa na nini? Soda?" Fanueli akashusha sauti, kama mchungaji anayekaribia sadaka. "Ikipozwa kwa maji, hii moja itafanya kazi ya mashine tatu. Yule jamaa wa ng'ambo ya barabara atafunga duka lake, auze karanga."

Masikio ya Wilbard yalisimama. Kumponya mgonjwa kulikuwa kumemvutia. Kumzika jirani kulimvutia zaidi. Aliingia chumba cha ndani, akatoka na bahasha.

"Wilbard," mama yake akasema taratibu, "hiyo si ya bati?"

Ilikuwa ya bati. Bibi Edina alikuwa ameuza kahawa yake ya Igamba, akampa mwanawe fedha zote amwezekee upya chumba cha nyuma alikolala, kwa kuwa mvua ya mwaka uliopita ilimkuta kitandani ikamhamishia jikoni.

"Mama, mashine hii ikipona, nitakujengea ghorofa!"

Bibi Edina akatazama juu. Mawingu ya Novemba yalikuwa yameshaanza kukusanyana upande wa Zambia. Bahasha ikaingia kwenye begi jeusi.

Basi Fanueli akafanya kazi, na kwa kweli alifanya vizuri, maana uongo wake ulihitaji ufundi wa kweli. Alipaka dawa nyeupe kama ya meno juu ya ubongo wa kompyuta, akalaza hapo bamba la shaba, akalikaza kwa skrubu nne huku akihama kona kwa kona. Akafunga rejeta ndogo ya kupozea maji nyuma, akaunganisha mipira na pampu, akamimina maji yake maalumu, ya bluu kama wino. Tone moja lilimrukia mkononi. Bibi Edina akaleta sabuni na kitambaa akamfuta. Bluu ikahamia kwenye kitambaa, ikakataa kutoka.

"Sasa tunapima," Fanueli akatangaza. "Mashine yenyewe haiwashwi. Pampu tu inakunywa umeme, usiku kucha." Akalaza boksi kushoto, akalilaza kulia, mpaka mapovu yakaisha. Chini ya kila kiungo akatandika tishu. "Tishu ikiamka kavu, tumepona. Nitalala hapa hapa niilinde."

"Hapa kuna baridi, mwanangu," Bibi Edina akasema, akamletea blanketi lake mwenyewe. Akamwekea na glasi ya maji ya kunywa, akaifunika kwa sahani.

Asubuhi alipoingia na uji, Fanueli alikuwa amepiga magoti, uso umemshuka kama mfiwa.

"Inavuja, mama. Kaka Wilbard, njoo uone. Mpira mmoja ni mbovu. Ningeiwasha, mashine ingeungua yote."

Wilbard akatazama tishu zilizolowa, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki! Fundi mwingine angenyamaza!"

"Siwezi, kaka. Dhamiri. Naufungua mtambo wote, naupeleka Nakonde kwa aliyeniuzia, saa sita narudi na mwingine."

Hivyo ndivyo mtambo ule ulivyouzwa Mbeya, Mlowo na Vwawa. Kila mahali ulivuja, na kila mahali mwenye mali alishukuru, akabaki anamsubiri.

Bibi Edina aliokota tishu moja. Ilikuwa imelowa, lakini nyeupe pe. Akaitazama mipira yenye maji ya bluu. Akaitazama glasi aliyomwekea mgeni kwa huruma. Sahani ilikuwa pembeni, maji yamepungua. Akaikunja tishu, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Angeweza kusema. Lakini alimjua mwanawe: Wilbard angepiga kelele ya mwizi, na vijana wa stendi wangefika kabla neno halijaisha. Bibi Edina aliwahi kuona tairi la kumchomea mwizi linavyobaki baada ya kelele kama hiyo. Na huyu naye, akawaza, ana mama yake mahali.

"Kunywa uji kwanza, baba," akasema. "Wenu ni wapi?"

"Itaka, mama."

"Loo! Kumbe ni mtoto wa nyumbani, jirani na kwetu Igamba!" Na alipomaliza uji na kuupakia mtambo, bibi akalinyanyua begi jeusi. "Basi unajua. Mgeni habebi begi lake, wala halitoki kwangu likiwa jepesi."

Fanueli alijua. Mhindi angelidai begi lake, Mzungu angelidai begi lake. Mtoto wa Itaka hawezi kulipokonya begi mikononi mwa mama wa Igamba anayekwenda kulitilia zawadi. Alibaki amesimama, jasho likimtoka katika baridi ya Tunduma, huku Wilbard akimsimulia jinsi jirani atakavyouza karanga.

Bibi alirudi na begi limevimba. Akalibeba kichwani hadi karibu na mpaka, akakataa katakata kupokewa. Alipolitua, akamshika kijana bega.

"Ukikwama, rudi. Usione haya."

Fanueli alivuka mbio. Nyuma ya kibanda cha kwanza cha Nakonde akafungua zipu. Maharage. Viazi vitamu. Karanga za kukaanga. Bisibisi zake, zimepangwa vizuri. Mtambo haukuwepo, bahasha haikuwepo. Juu kabisa kulikuwa na yai la kuchemsha, limefungwa kwa tishu iliyokauka, nyeupe, bila doa hata moja la bluu.

Akaitazama tishu ile muda mrefu. Halafu akala yai, maana tapeli naye ana tumbo.

Kesho yake alirudi. Angefanya nini? Bila mtambo alikuwa mtu mwenye viatu vizuri tu. Alikuta nyundo zinalia juu ya chumba cha nyuma. Mafundi walikuwa wanagongelea bati mpya.

"Fundi!" Wilbard akamkumbatia. "Mama kaniambia uliuacha mtambo hapa, ukaenda kutafuta mpira tu. Na tazama maajabu: amepata bati! Namuuliza kapata wapi, ananiambia Mungu ni mwema."

"Ni mwema," Fanueli akakubali kwa unyonge.

Wilbard alipotoka kuwasimamia mafundi, Fanueli akanong'ona, "Mama, ule mtambo ni mali yangu."

"Umelipwa mara ngapi, mwanangu?"

Fanueli akaangalia viatu vyake.

"Basi umelipwa. Funga."

Akafunga. Akasafisha vumbi lote kwa brashi, bila kuambiwa. Akapima upya, na safari hii Bibi Edina mwenyewe alikaa kwenye kigoda mbele ya tishu, akisuka ukili, akimletea chai, akimletea viazi, bila kumwekea glasi ya maji. Tishu ziliamka kavu. Kompyuta iliwaka, ikachoma CD kutwa nzima, wala haikukohoa.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Fanueli alikuwa ameuza kitu na kukiacha. Alijisikia vibaya sana, kama mtu aliyeibiwa. Na bibi akalichukua begi lake jepesi, akaenda nalo jikoni, akalirudisha zito.

Wakatembea pamoja mpaka barabara kuu. Upande wa Zambia, ngurumo ya kwanza ikapita.

"Uje tena, mwanangu," Bibi Edina akasema, akimpa begi. "Uje ututembelee mvua ikianza, usikie bati zako zinavyolia."